Kitunga cha Watu Arobaini

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa 11

Clarisse, najua ni wewe. Hakuna mutu mwingine anayefungua sanduku yangu na kutoa daftari hii chini ya vitenge. Kila ukija Goma unasema unaenda kulala kidogo, kisha nasikia karatasi zinageuzwa. Basi soma. Lakini kwanza uone haya! Mwaka muzima na miezi ine hujakanyaga hapa. Kisangani kuna nini? Muto? Sisi tuna ziwa zima. Hata kuiba daftari ya mama yako umeshindwa kuja kuiba. Nimejaza kurasa makumi ine bila mwizi. Mutoto gani huyu.

Haya. Habari ya leo ni mbaya.

Julien, mume wa dada yako Marie-Claire, alikuja asubuhi. Alisimama mulangoni akitazama viatu vyake, kama mukwe mwenye heshima. Alisema wazee wameketi. Jamaa ya Fiston, mwanaume anayemuoa binti yao, Umuhire wetu, italeta mali, ng'ombe za mahari, Jumamosi tarehe 18. Na mali itapokelewa kwa mama yake Julien, kule Mabanga. Sababu ni mvua. Mama yake ana hangari ya mabati. Mimi hapa Katoyi, juu ya kiwanja changu nina mawingu tu.

Kwa mama yake! Kwa Mukamurenzi!

Umuhire aliletwa kwangu ana miezi nane, dada yako akiwa mugonjwa. Nilimubeba mugongoni miaka miwili. Alijifunza kutembea akishika mulango huu huu. Alama za meno yake ziko kwenye ubao. Siku ya mali bibi arusi anafichwa ndani, wazee wanaongea ng'ombe, kisha anaitwa, anatoka. Sasa atoke kwenye mulango gani? Wa Mabanga? Kule anaingia kama mugeni.

Nilimuuliza Julien: na kama mimi nikiwa na kivuli cha watu arobaini kabla ya Alhamisi tarehe 16? Mukwe hawezi kumuambia mama mukwe hapana usoni. Alisema, "Mama, tutaona."

Tutaona ya mukwe ni ndiyo. Nimeandika hapa, isifutike.

Jumanne, tarehe 7

Niliazima bashi kubwa, turubai ya plastiki. Nikaifunga ukuta kwa ukuta, kamba nane, mawe ya volkano juu ya kila kamba. Mawe hayakosekani hapa, hata ukitaka kupanda kitunguu unagonga jiwe. Nilikaa chini ya kivuli changu na chai. Raha!

Upepo wa ziwa. Bashi ikaruka na kamba zake zote, ikapita juu ya ukuta, ikatua kwenye chumba cha maombi cha majirani. Waamini walikuwa ndani wanaomba ishara. Giza likawashukia saa tano asubuhi. Nilisikia wakiitika "Amina!" mpaka huku. Nilipokwenda kuomba bashi yangu, muchungaji alisema isiguswe kwanza, watu wawili wametubu.

Niliipata saa tisa, imepasuka. Kivuli hakuna. Lakini roho mbili, Mungu aniandikie.

Jumatano, tarehe 8

Nimepata! Honoré!

Humujui. Ni mupangaji wangu wa chumba cha nyuma. Alisoma kuchora majumba, ana diplome, ana muke, ana mapacha, na ana ordinatere, ile kompyuta yake, inayovuma kama muzinga wa nyuki. Anachora kuta zenye matundu na viti vya bustani vinavyojikunja kama nyoka, vitu ambavyo hakuna mutu Goma amemuomba. Anasema hachori. Anaipa ordinatere kanuni, na yenyewe inazaa umbo. Mutu akitaka kubwa, linakuwa kubwa. Akitaka lenye tumbo, linaota tumbo. Kanuni ni moja, lakini kila mutu anapata la kwake.

Nilimuambia hicho ni kitunga. Akacheka. Nikaleta kitunga changu cha mutama, nilichosuka kama mama alivyonifundisha kule Masisi. Nikamuonyesha. Unaanza kitako. Kila muzunguko, ukiongeza fito nyingi, kitunga kinalala kama sahani. Ukiongeza kidogo, kinainuka. Usipoongeza, kinasimama kama ukuta. Ukipunguza, kinafunga mudomo. Hakuna siri nyingine duniani. Mimi sikukaa shuleni hata siku moja, herufi nilifundishwa na wamama wa kanisa nikiwa na wajukuu watano, lakini hiyo naijua kwa vidole.

Honoré aliacha kucheka. Alisema profesa wake alichukua mwaka muzima kuyasema maneno hayo, na darasa halikuelewa.

Nikamuambia basi, anigeuzie kitunga hiki kiwe nyumba ya watu arobaini. Ya mianzi, na bashi juu, iliyofungwa vizuri safari hii.

Alikizunguka na telefone, picha makumi ine na mbili, kama anapiga picha za bibi arusi. Halafu kikatokea kwenye kioo. Kitunga changu! Kinaelea hewani, kinazunguka bila mukono wa mutu. Niliogopa. Kisha nikaona kosa la muzunguko wa tisa, lile nililofanya uchungu wako uliponikamata, Clarisse, siku uliyozaliwa. Ordinatere imelinakili! Hapo nikaamini. Chombo hicho hakidanganyi.

Alhamisi, tarehe 9

Parametri. Ni vifungo vidogo kwenye kioo, unavivuta kwa mushale. Kimoja ni cha upana, kimoja cha kimo, kimoja cha kuongeza fito. Honoré alisema nivute polepole. Nilivuta. Nyumba ikanenepa! Nikavuta kingine, ikapata kiuno. Nikakamata kile cha fito, nikakipeleka mpaka mwisho. Kingo zote zikajaa mawimbi, zikajikunja kama shu ya sokoni, kabichi yenye majani mengi. Yesu! Nzuri! Nilitaka hiyo hiyo. Honoré alisema hakuna muanzi unaopindika vile. Nikasema wa Masisi unapindika. Tulibishana mpaka sombe ikaungua kwenye chungu.

Tukapatana: duara, hatua tano kwa upana, kimo cha mutu na nusu, mulango mumoja. Kila upande alibakiza hatua moja tupu. Alisema nafasi hiyo ni ya kugeuzia. Kugeuzia nini? Hatujengi gareji ya lori.

Kisha ugomvi wa namba. Alikuwa ameandika mizunguko kutoka chini kwenda juu, kama wajenzi. Nikakataa. Tangu Hawa, hakuna mwanamuke aliyeanza kitunga kwenye mudomo. Namba moja ni kitako! Alifungua mudomo anieleze. Nikamuuliza kitunga ni cha nani. Akafuta, akaandika upya: namba moja kitako, namba ishirini na ine mudomo. Alisema tena jambo fulani kuhusu juu na chini, lakini mbuzi wa jirani alikuwa kwenye vitenge vyangu.

Ijumaa, tarehe 10

Nimekwenda Mabanga kupeleleza.

Nilijifanya natafuta kuku. Nikaingia kwenye kiwanja cha Mukamurenzi, nikaita kuku kwa sauti, huku napima hangari kwa hatua. Hatua sita! Nilikuwa kwenye hatua ya mwisho aliponishika. Aliuliza kuku wangu ametembea kutoka Katoyi kwa miguu? Nikasema ni kuku anayependa watu. Akanipa chai. Sukari vijiko vitatu, bila kuniuliza. Kiburi!

Nilirudi mbio. Sita yake, tano yangu? Aka! Honoré alikuwa anaogesha mapacha. Nilikaa kwenye ordinatere, nikakamata kifungo cha upana, nikakivuta. Sita. Saba. Ikagusa ukuta kwa ukuta, hakuna hata nafasi ya paka. Honoré alikuja na sabuni mikononi akapiga kelele, akataja tena ile nafasi ya kugeuzia. Nikamuambia ordinatere yenyewe imekubali, yeye ni nani?

Jumapili, tarehe 12

Kanisani Mukamurenzi alikaa mbele yangu makusudi, na kilemba kirefu. Misa yote niliisikia kupitia kitambaa.

Nje alinisalimia kwa sauti ya kusikiwa na parokia nzima. Alisema anapaka nguzo za hangari rangi ya bluu. Aliniomba siku ya mali nije na kiti changu, wageni ni wengi. Kiti changu! Nikamujibu, asante Mama Julien, ila wewe ndiye utakuja kwangu, ordinatere inanisukia nyumba. Akauliza kama ordinatere hiyo imewahi kunyeshewa. Wamama wakacheka. Nikasema inajua yote, hata unene wako tumeuweka ndani, ndiyo sababu tumeongeza upana. Wakacheka zaidi. Na yeye alicheka, nilimuona, akaficha kwa leso.

Nilitubu njiani. Nusu.

Jumatatu, tarehe 13

Mianzi imefika, chukudu tatu zimejaa mpaka magurudumu yao ya mbao yanalia. Jeancy, yule fundi wa nyua, na mudogo wake wanaipasua. Harufu ya Masisi kiwanja kizima. Nilisimama tu nikavuta pua.

Lakini Honoré ameitwa Rumangabo, kuna jengo la kuchora. Atarudi Ijumaa. Aliniachia karatasi: mizunguko ishirini na ine, hesabu ya fito, urefu wa kila moja. Alinishika mikono miwili. Aliniomba nisianze bila yeye. Alisema Ijumaa, na watu kumi, siku moja inatosha.

Nikasema ndiyo. Mudomo ndio ulisema. Julien anakuja kutazama Alhamisi, siyo Ijumaa!

Jumanne, tarehe 14

Tumeanza.

Jeancy alitaka kusimamisha nguzo. Nikamuuliza amewahi kuona kitunga chenye nguzo. Alisema, "Lakini Koko," maana vijana wote wananiita bibi, "hii ni nyumba." Nikasema wanaume ndio wanajua nyumba, ndiyo maana zinavuja. Namba moja! Kitako! Fito kumi na mbili, zimefungwa kama nyota, katikati ya kiwanja, chini. Namba mbili. Namba tatu. Jeancy alisuka. Mudogo wake aliuliza kama watu arobaini watakaa juu ya kitu hiki ao chini yake. Nikamupa muhogo ili anyamaze.

Inakwenda vizuri ajabu. Hakuna ufito murefu, hakuna mufupi. Kila muzunguko unajua mahali pake. Nilitoa machozi kidogo kwenye namba nane, na kwenye namba tisa nilisimama mwenyewe, nisirudie kosa lako.

Jumatano, tarehe 15

Inapanda. Inafunguka. Saa ine ilikuwa kama sinia. Saa sita ilikuwa kama karai la kukorogea sima ya wajenzi. Tuliizungushia mawe isiyumbe. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza najenga nini, mbona kinacheka? Nikasema kitafunga mudomo. Kila kitunga kinafunguka kabla ya kufunga.

Namba ishirini. Haifungi. Namba ishirini na mbili, mulango. Mulango ukatokea kule juu kabisa, ukingoni, unatazama mbingu. Jeancy aliweka kisu chini. Aliuliza kwa heshima nani ataingia hapo. Nikasema malaika. Lakini nilikwenda kutazama karatasi tena.

Namba ishirini na ine. Mudomo umegusa ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, na jiko.

Umuhire alifika kutoka kazini, kule kwenye farmasi. Alisimama, akatazama, akakaa chini kwenye jiwe, akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema, "Koko, hii ni bakuli." Nikamuambia ni nyumba ambayo haijafunga. Akachukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Akasema kwa upole, "Koko wangu, namba zimeisha."

Kweli, zimeisha.

Alhamisi, tarehe 16

Honoré alipanda kilima kizima kutafuta rezo ya telefone ili anisikie. Nikamueleza. Halafu nikasikia anacheka ao analia, sijui. Alisema kitako cha kitunga ndicho kichwa cha nyumba. Ukianzia chini na kitako, ukimaliza lazima ugeuze. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mara tatu. Nikasema angesema mara ya ine.

Basi igeuzwe! Nilikusanya wanakwaya kumi na wawili. Wakakamata ukingo mumoja, wakainua. Ikapanda. Ikapanda. Ikaanza kusimama wima, hatua saba hewani, na juu yake nyaya za umeme! Muimba besi alitoa sauti ya soprano. Wakaishusha. Tusogeze kushoto? Ukuta. Kulia? Ukuta. Sasa najua nafasi ya kugeuzia ni ya nini.

Julien akaja saa nane. Alitazama viatu. Alitazama bakuli. Alirudi kwenye viatu. "Mama," akasema, "tutaona." Clarisse, hii tutaona ilikuwa nyingine. Hata wewe ungeisikia.

Alipokwenda, niliingia ndani ya kitunga changu nikakaa kwenye kitako, mahali mutu hanioni. Mianzi mipya inateleza. Ukae popote, unashuka mpaka katikati. Nililia. Siyo sana. Kiasi cha mwanamuke anayejiheshimu.

Halafu sauti: "Mama Marie-Claire, uko humo?" Kilemba kikatokea ukingoni. Mukamurenzi, amepanda juu ya mawe! Amekuja kuona aibu yangu kwa macho yake. Nikasema napumzika. Akasema anatazama kazi tu. Akainama. Akainama tena. Akaja! Kilemba mbele, yeye nyuma, mpaka mapajani mwangu.

Tulijaribu kutoka. Nikamusukuma, akapanda hatua mbili, tukashuka wote. Akanivuta, tukashuka. Jeancy amekwenda kula. Umuhire yuko kazini. Tukakaa. Ndani ya umbo lile huwezi kukaa mbali na mutu, kanuni yenyewe inakataa. Goti kwa goti, saa mbili nzima.

Kisha akatoa karanga kwenye kitambaa. Aliniuliza kwa nini najisumbua hivi, mali ni ya upande wa baba, ilikuwa hivyo kabla yetu. Nikamuambia sitaki ng'ombe. Hata mukia. Nikamueleza miezi nane, na homa ya mama yake, na meno kwenye mulango. Nikasema nataka siku hiyo anapotoka, mukono wangu uwe mugongoni mwake, kwa sababu ndio uliomushika asianguke. Basi. Sina lingine.

Aligawa karanga zilizobaki. Alisema hangari amepaka rangi mara mbili. Alisema alitaka mutoto atoke kwake ili watu waseme ni mujukuu wake, maana Umuhire akija Mabanga anauliza hata chumvi inakaa wapi. Na kosa siyo la mutoto, akasema, ni yeye hakumuita mara nyingi. Akafuta macho na kitambaa. Kitambaa changu, siyo chake.

Tulimaliza karanga. Jeancy aliporudi alileta ngazi, lakini alicheka kwanza, mpaka ngazi ikatetemeka.

Ijumaa, tarehe 17

Mukamurenzi alimuita mwanawe mbele yangu. Alimuambia wageni watakula Mabanga, chini ya bluu yake, lakini mali itaongewa Katoyi, na mutoto atatoka kwenye mulango wa koko aliyemulea. Julien alitutazama, mama yake na mama mukwe wake, bega kwa bega. Hakusema tutaona. Alisema ndiyo, akakimbia kutafuta mikeka.

Honoré amerudi. Alipapasa kila muzunguko. Alisema imetoka kama kwenye kioo, hakuna kosa hata la unene wa kidole. Ila miguu iko juu.

Na mvua? Mukamurenzi aliuliza. Nikasema Mungu ameona jasho letu. Akasema, "Mama Marie-Claire, Mungu ameona bakuli."

Jumamosi, tarehe 18

Mvua hakuna. Hata tone! Jua tangu asubuhi, volkano ya Nyiragongo imevua mawingu yake yote. Siku kumi na mbili nakimbizana na maji yasiyokuja. Kivuli hakuna aliyekihitaji.

Lakini kiti kilihitajika, na kiwanja chote ni kitunga. Wazee wakapanda mawe, wakashuka ndani kwa ngazi. Wetu upande huu, wa Fiston upande ule, makoti, fimbo, nyuso za mahakimu wa tribinali. Unawajua wazee wa mali. Wanakaa mbali na kutupiana mithali mpaka jioni. Hawa nao walikaa. Kisha wakaanza kuteleza. Polepole, kwa heshima, kila mutu akijifanya hatelezi. Kwenye mithali ya tatu musemaji wao alikuwa ameegemea kifua cha musemaji wetu. Mutu akiwa kwenye kifua chako unamupunguzia ng'ombe, utafanyaje? Kwa kawaida ni siku nzima. Leo pombe ya ndizi ilikuwa haijafunguliwa, wamekwisha kupeana mikono. Ilikuwa lazima. Mikono haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Wakamuita bibi arusi.

Nilikuwa naye nyuma ya mulango. Mukono wangu mugongoni mwake. Aliniuliza kama kitambaa cha kichwa kimekaa sawa. Nikamuambia kimekaa vibaya lakini yeye ni muzuri. Halafu nikaona mukono mwingine unakuja mugongoni, pembeni ya wangu, wenye bangili. Sikuutoa. Tukasukuma pamoja.

Alitoka hatua mbili, maana hatua ya tatu ni ukingo. Fiston aliinuka kumupokea, akateleza, akakaa. Umuhire alicheka kile kicheko chake cha mbavu, akapanda mawe, akaketi kwenye ukingo na vitenge vyake vyote, akajiachia. Akashuka mpaka katikati ya wazee kama mutoto kwenye mulima. Vigelegele! Mukamurenzi alipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka. Nilikirudisha kichwani mwake mimi mwenyewe.

Sina la kuongeza leo. Nimeshiba.

Jumatatu, tarehe 20

Ninalo la kuongeza.

Baba mudogo wa Fiston, muzee Barthélemy, ana nyumba ya wageni karibu na ziwa. Alikuwa mumoja wa walioteleza. Alikuja jana baada ya misa, anataka kitunga cha watu kumi kwa bustani yake, kikae hivyo hivyo, mudomo juu, wageni wake wapatane. Honoré alivuta vifungo mbele yake. Watu kumi, hatua tatu na nusu, kiuno kidogo, na ukingo wenye mawimbi, nilioomba mimi. Karatasi ikatoka hapo hapo! Mutu wa kwanza kumuomba Honoré kitu chake. Muke wake alipika kuku. Yeye atachora, mimi nitasimamia, tumepatana.

Alitaka kuandika JUU na CHINI kwa herufi kubwa pembeni ya karatasi. Nikakataa. Ni matusi. Sasa najua! Aliniomba pia jambo lingine kabla ya kurudi Rumangabo, kuhusu mahali pa kusukia, lakini Mukamurenzi alikuwa amefika na karanga.

Mvua imeanza jana, inanyesha kama imelipwa. Sasa ndiyo inakuja! Nje nimebaki bila nafasi hata ya kuku. Basi tumeanzia ndani, salon, pakavu, pazuri. Namba moja, kitako. Jeancy aliuliza habari ya upana wa mulango. Nikamupa muhogo.

Tuko namba kumi na saba. Inafunguka vizuri sana. Ukingo umegusa kabati upande huu, na upande ule umegusa mulango wa mbele. Kwa hiyo mulango haufunguki, lakini ni kwa sasa tu. Kitapata njia. Kila kitunga kinapata njia.

Clarisse, ukija, usigonge mbele. Zunguka, pitia dirisha la chumba changu, ndipo na mimi napitia. Vua viatu. Na uje na musumeno.